Nauli ya Kwenda Kliniki

Hotuba ya mgeni mwalikwa kutoka Peramiho, iliyotolewa Siku ya Diakonia katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika

Baba Askofu, Baba Mkuu wa Jimbo, Baba Mchungaji pamoja na wachungaji wote mliokusanyika, wainjilisti, wazee wa usharika, mama zangu wa Umoja wa Wanawake, wanakwaya, vijana, wageni wa madhehebu mengine, na ndugu zetu Waislamu mliokuja kufurahi pamoja na majirani zenu: Bwana Yesu asifiwe.

Mmeitikia vizuri. Kwetu Peramiho ningeanza kwa "Tumsifu Yesu Kristo", nanyi mngeitikia "Milele na milele, amina", lakini mgeni hula alichoandaliwa na mwenyeji. Naishukuru Kamati ya Maadhimisho iliyoona vema kumwita Mkatoliki, tena muuguzi mstaafu asiye na cheo, aje kusema mbele ya Walutheri siku kubwa kama hii. Zama za wazazi wetu jambo hili lisingewezekana. Padre angeuliza, na mchungaji naye angeuliza.

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya misaada ya jamii kwa vijana wenye matatizo ya afya ya akili. Nitalisema hilo, ila natanguliza taarifa kwamba nitasema sana habari za nauli. Yule aliyetarajia kusikia mambo makubwa ya kitaalamu na anivumilie.

Niyaanze maneno yenyewe. Lugha yetu ina majina mengi ya kumwita mtu aliyekwisha kuharibikiwa na machache ya kumwita anayeanza kuugua. Kichaa, mwendawazimu, chizi, amerukwa na akili: haya yote humtaja mtu ambaye tayari yuko barabarani, nguo zimemwishia mwilini, na watoto wanamfuata wakimtupia mawe. Lakini kijana aliyeacha kula pamoja na wenzake, asiyepata usingizi, ambaye jembe limekuwa zito mkononi ilhali hana homa wala malaria, huyo tunasema "ana mawazo", kisha tunaendelea na safari zetu. Wataalamu wameliita tatizo hilo sonona, nalo ni jina lililochaguliwa kwa hekima, kwa kuwa kila mzee aliyeko hapa anajua maana ya kusononeka. Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, wala si utovu wa imani, wala si kudekezwa na mama.

Yako pia magonjwa mazito zaidi, yale ambayo mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine, au huamini kwamba majirani wote wamekula njama dhidi yake. Mengi ya hayo huanza katika ujana, kati ya miaka ya mwisho ya sekondari na umri wa kuoa. Bangi na pombe kali huyachochea, ingawa si kila aliyeugua alivuta bangi, na mama wengi wamesutwa bure kwa jambo hilo. Kisha kipo kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini katika vituo vyetu vingi mwenye kifafa na mwenye maradhi ya akili hukaa benchi moja, humwona muuguzi mmoja, na kutengwa kwao kijijini kunafanana. Kwa hiyo na mimi leo nitawaweka benchi moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba miongoni mwa vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, 1 anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu zake za mwaka 2021, watu wapatao 727,000 walijiua katika mwaka huo mmoja, na kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Hizi ni hesabu za dunia nzima, nami sipendi kuwatisha watu kwa hesabu za mbali. Nitawaomba tu mwalimu wa kipaimara atazame darasa lake. Akiwa na vijana 42, basi kwa makadirio hayo wako 6 ambao somo linawapita, si kwa sababu hawana akili ya kusoma.

Na sisi wa Songea tunawafahamu. Ni yule aliyemaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka mabaya, baba akasema mbele ya wageni kwamba ameuza mahindi yake bure. Ni yule aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akarudi usiku bila begi, na tangu arudi hatoki ndani. Ni dereva wa bodaboda anayedaiwa pikipiki iliyokwisha kugongwa. Ni msichana aliyejifungua akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi darasani, lakini ruhusa ya Serikali haiwezi kuwazuia wanafunzi wenzake kumcheka.

Ndugu zangu Walutheri, huduma hii si ngeni katika nyumba yenu. Huenda wengine mtashangaa Mkatoliki akiwasimulia historia yenu, lakini ninyi ndio mliosema leo ni siku ya historia.

Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, Mkoa wa Tanga, ipo Lutindi. Mwaka 1896 Wakristo wa Kiinjili kutoka Ujerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao walipopungua, wangeweza kufunga milango na kuuza shamba. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1904 makao yale yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma, ambayo kila Mtanzania huitaja kwa mzaha anapotaka kumtukana mwenzake, ilianza mwaka 1927. Tafakarini mpangilio huo wa miaka. Wagonjwa wa Lutindi walikuwa na kitanda na chakula miaka 23 kabla ya Mirembe kufunguliwa.

Waliofanya kazi pale walitoka kwa ndugu wa Bethel, kule Bielefeld, ambako tangu mwaka 1867 wagonjwa wa kifafa walikuwa wamepewa makao, nao hawakulazwa tu bali walipewa kazi kila mmoja kwa nguvu zake. Fikra hiyo ilipanda meli ikaja Lutindi. Hospitali ile, ambayo leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, inajulikana kwa dawa zake, lakini inajulikana pia kwa chai yake na karakana zake. Mgonjwa aliyetulia huchuma chai, hushona, hupiga randa. Wengine husema ni kumtumikisha mgonjwa, nami nakubali kwamba jambo hilo linahitaji kuangaliwa kwa jicho kali, kwa maana kati ya tiba ya kazi na kazi ya bure mpaka ni mwembamba. Hata hivyo, kwa muda wote niliofanya uuguzi sijaona kitu kinachomrudishia kijana uso wake kama kumwona mtu ananunua kiti alichokitengeneza yeye.

Kwetu Peramiho, watawa Wabenediktini waliofika mwaka 1898 wanaishi kwa utaratibu wa sala na kazi. Mwaka 1905 misheni ile ilichomwa moto katika Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na baada ya hapo zikaja karakana: useremala, uashi, ufundi vyuma, uchapaji. Vijana kwa maelfu wa mkoa huu wamepata riziki kutokana na mikono iliyofundishwa pale. Nalisema hili kwa sababu nitalirudia wazo la fundi baadaye kidogo. Kanisa lenu na letu, kila moja kwa njia yake, yalijua mapema kwamba kijana asiye na kazi hutibiwa nusu.

Sasa nawapeleka Mahenge, ambako si mbali sana na sisi, na ambako vita vile vya mwaka 1905 vilifika kama vilivyofika hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta miongoni mwa Wapogoro wagonjwa wengi wa kifafa, wengi wao watoto na vijana. Walilala peke yao, walikula peke yao, katika chombo chao peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate ya mgonjwa. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Mgonjwa alipoanguka karibu na mafiga, hakuna aliyethubutu kumgusa mpaka degedege limalizike, na moto haungoji.

Mwaka 1960 daktari yule alianzisha kliniki ya kifafa. Dawa aliyoitumia zaidi ilikuwa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo kabisa ambacho hata wakati ule hakikuwa kipya. Kugundua dawa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuifanya imfikie mgonjwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, katika nchi ya milima na mito, kwa watu waliotembea kwa miguu. Kifafa hakivumilii mapengo. Mgonjwa akiacha dawa kwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na ndipo majirani husema, "Mnaona? Dawa ya Wazungu imemzidishia."

Kuna jambo la Mahenge ambalo nalipenda kuliko yote. Hofu ya watu ilianza kupungua pale walipowaona kwa macho yao vijana waliokuwa wakianguka kila juma sasa wanalima, wanachota maji, wanaoa. Siku hizi tunaitisha semina nyingi juu ya unyanyapaa, tena zenye posho na chakula cha mchana. Sizipingi. Lakini mgonjwa mmoja aliyepata nafuu, akaonekana sokoni akinunua chumvi, hufundisha kijiji kizima bila posho.

Wakati nikiwa kazini nilimfahamu kijana mmoja, ambaye sitataja jina lake wala kijiji chake. Alikuwa seremala mwanafunzi, mikono mizuri sana. Akiwa na miaka 19 alianza kusikia sauti. Akapelekwa kutibiwa, akapata sindano ya kila mwezi na vidonge, na kwa miezi minane alikuwa mtu kati ya watu. Ikafika Februari, mwezi ambao ghala ni tupu na mahindi mapya bado yako shambani. Mama yake hakuwa na nauli ya wawili. Akasema, "Tutakwenda mwezi ujao." Mwezi uliofuata mvua ilikuwa nyingi. Aprili nilipomwona tena alikuwa amefungwa kamba mikono na miguu, na waliomfunga walikuwa kaka zake wanaompenda, wakiogopa kwamba atawaumiza watoto.

Dawa ilikuwapo, muuguzi alikuwapo, na gari la abiria lilikuwapo pia. Kilichokosekana ni shilingi elfu chache za kumfikisha kijana mahali dawa ilipo.

Mkisema hayo ni ya kwetu tu, Songea kwa maskini, sikilizeni ya Harare. Huko Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake mwaka 2005, binti aliyejiua. Familia ilikuwa imejua kwamba hali ni mbaya, na ilitaka kumleta hospitali. Haikuwa na dola 15 za nauli. Daktari huyo amelisimulia jambo hilo hadharani mara nyingi, naye husema ndilo lililombadilisha. Alikwisha kuona kwamba kumngoja mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14 wa kitongoji cha Mbare, akina mama wazee wenye wajukuu, wanaofahamika na kila mtu mtaani, wasio na elimu kubwa. Akawafundisha namna ya kusikiliza na namna ya kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi, alitafutie hatua moja, kisha arudi wiki ijayo aseme imekwendaje. Wakapewa benchi la mbao nje ya zahanati. Ndiyo, benchi tu, chini ya mti.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowalinganisha waliokaa katika benchi lile na waliopata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata huduma ya kawaida nusu walikuwa bado wana dalili za sonona. Kati ya waliokaa na mabibi, walikuwa asilimia 14. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Kule Zimbabwe watu wana neno lao la Kishona kwa hali hiyo, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na mabibi hutumia neno hilo. Hawaendi kwa mtu aliyesononeka wakamwambia jina la kidaktari. Nadhani hata hapa bibi mwenye busara atamfikia kijana kwa neno "mawazo" kabla ya daktari kumfikia kwa neno "sonona".

Uganda nako walifanya jambo linalofanana, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, nchi zilizokuwa zimepukutishwa na ukimwi. Waliounda vikundi ni watu wa kawaida waliopata mafunzo ya majuma mawili. Wanawake wakakutana na wanawake, wanaume na wanaume, kila juma kwa majuma 16. Matokeo yalitolewa mwaka 2003, na yalikuwa mazuri hata wataalamu wakashangaa: waliokuwa na sonona kubwa walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6 na nusu, ilhali katika vijiji visivyo na vikundi zaidi ya nusu walibaki nayo. Nasi tunavyo vikundi. Ninyi mna ibada za nyumba kwa nyumba, sisi tuna jumuiya ndogondogo.

Lakini msishangilie mapema. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, wa kaskazini mwa Uganda, kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa katika kambi za watu waliokimbia vita. Kundi moja lilipewa vikundi vya kuzungumza, jingine likapewa michezo na shughuli za ubunifu, la tatu likasubiri. Vikundi vya kuzungumza viliwasaidia wasichana waziwazi. Wavulana havikuwasaidia kwa kiasi cha kuonekana. Na michezo peke yake haikuondoa sonona kwa yeyote. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa maana katika makanisa yetu tukiulizwa, "Mnawafanyia nini vijana?" jibu letu huwa tayari: kwaya na mpira wa miguu. Kwaya ni njema na mpira ni mwema. Lakini kijana anaweza kuimba sauti ya tatu kwa ufasaha Jumapili, na Jumatatu asiwepo duniani, nasi tukasema, "Mbona jana aliimba?"

Na hao wavulana je? Sina jawabu la kitabuni. Ninachokijua kwa uzoefu ni kwamba mvulana wa kwetu haketi duara akasema moyo wake. Husema akiwa na msumeno mkononi, au anafungua gurudumu la pikipiki, macho yake yakiwa kwenye kazi na si usoni pako. Ndiyo maana nimesema nitarudi kwa fundi. Kama usharika huu una mafundi watano wazee, waashi, maseremala, mafundi cherehani, basi una wasikilizaji watano, mradi wafundishwe mambo machache: wasicheke, wasitangaze, wasimwambie mtoto wa watu "jikaze wewe ni mwanaume", na wajue dalili zinazotaka apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Sasa nafika penye mguu wangu kuogopa kukanyaga. Nimesikia, maana Peramiho na hapa ni jirani na habari hutembea, kwamba wazee wanajadili sadaka ya jubilei itumike kwa kazi gani, na kwamba wapo wanaotaka mnara wa kengele. Mimi ni mgeni na mnara si wangu. Nitatoa hesabu tu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 6,000. Mgonjwa haendi peke yake, hivyo ni 12,000. Vijana 20, kila mwezi, kwa miezi 12: shilingi 2,880,000. Wazee wa ujenzi wanajua kiasi hicho kinanunua mabati mangapi. Wala hakihitaji sadaka ya jubilei. Baada ya ibada huwa mnafanya mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi. Nimeuona mara mbili, nami nimeuziwa jogoo kwa bei ambayo mke wangu hajanisamehe. Mnada wa Jumapili moja kila mwezi ungefaa kwa kazi hii. Msaada wa namna hii huharibiwa na ukubwa. Fedha nyingi zikija mara moja, tunanunua kitu cha kupigia picha. Fedha kidogo zikija kila mwezi, tunanunua nauli.

Juu ya maombezi nitasema kwa heshima, kwa kuwa nami ni mtu wa rozari. Maombi hayana ugomvi na vidonge. Ugomvi huanza pale mtu anapomwekea kijana mkono kichwani kisha akamwambia, "Umekwisha pona, tupa dawa." Nawaomba Baba Askofu na wachungaji walitamke hilo kwa vinywa vyao wenyewe, kwa sababu neno la muuguzi hupingwa na neno la mhubiri wa kambi ya uponyaji, lakini neno la askofu halipingwi kirahisi. Kijana aombewe, na asubuhi ameze dawa yake.

Na juu ya waliojiua. Kwa karne nyingi kanisa langu liliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria yetu ya mwaka 1917 ililiandika hilo waziwazi, na ile ya mwaka 1983 ikaliacha. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na wakoloni iliandika katika kifungu cha 217 kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Nchi jirani ya Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yake ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Mambo ya sheria nawaachia wanasheria. Mimi nimeona madhara yake wodini: kijana ameokolewa usiku, na asubuhi ndugu hawasemi kweli kwa daktari, wanasema alikosea chupa, kwa kuogopa polisi na kuogopa kanisa. Daktari asiyeambiwa kweli hutibu tumbo, kisha anamruhusu mgonjwa arudi palepale alipotoka. Familia ikijua kwamba mchungaji atakuja kuketi nao na si kuwahukumu, itasema kweli mapema. Na kijana anayesema kwamba amechoka kuishi asijibiwe kwa kufokewa. Aulizwe wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, vitu vya kumdhuru viondolewe nyumbani, na apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Yaliyobaki ni ya utaratibu, nami nitayasema upesi kwa kuwa naona akina mama wamekwisha kuanza kuangalia upande wa jikoni.

Orodha ya vijana ikae kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo asiwe mwenyekiti wa kamati wala mke wa mtu mkubwa. Majina yasisomwe kanisani hata kwa kuombewa, isipokuwa mwenyewe ametaka. Msindikizaji wa msichana awe mwanamke. Taarifa ya fedha isomwe kila robo mwaka mbele ya mkutano wa usharika, ikitaja safari na shilingi bila kutaja watu. Kijana asiulizwe dhehebu lake. Njia ya kliniki ni moja kwetu sote, na kwa upande wetu nitaomba paroko wangu tuchangie gari, maana Wakatoliki wanaokwenda siku hiyo ni wengi kuliko ninyi. Muuguzi wa kliniki aombwe awafundishe wasikilizaji wenu kabla hawajaanza, na aitwe tena baada ya miezi mitatu kusikia wamekwama wapi, kwa sababu watakwama. Wao pia watachoka, kusikiliza huchosha mwili, hivyo wapangwe kwa zamu.

Kabla sijapanda hapa, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake aliniuliza kama pikipiki ya mwinjilisti inaweza kumbeba mgonjwa siku ambayo gari limejaa. Nilimwambia inaweza, mgonjwa akiwa ametulia, na mtu mwingine akakaa nyuma yake. Lakini mtu wa kifafa asibebwe kwenye pikipiki hata kidogo, huyo angoje gari. Akauliza tena mafuta atalipa nani. Hilo nimelileta kwako, Baba Mchungaji, kwa maana pikipiki ni ya usharika.